Mwili Nao Una Haki Yake: Kipimo cha Mazoezi ya Kila Siku

Ndugu msomaji, ukisimama alfajiri mlangoni pa msikiti juu ya kilima cha Ngara, baada ya watu kutoa salamu na kutawanyika, utawaona watu wa namna mbili wakiteremka njia moja ile ile. Wa kwanza ni kijana aliyevaa viatu vya mpira, anakimbia kuelekea bondeni ili apate kupanda tena mbio kabla jua halijachomoza. Wa pili ni mama aliyeshika dumu tupu, naye anateremka polepole kwenda kuteka maji. Atapanda kilima kile kile akiwa na lita 20 kichwani, kisha atashika jembe mpaka jua la adhuhuri. Kijana yule husema kwamba anafanya mazoezi. Mama yule hasemi neno, wala hakuna amwulizaye kama leo amefanya mazoezi au hakufanya.

Kijana wa namna hiyo alinifuata siku moja baada ya sala, akaamkia kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mzee, mimi nakimbia kila siku. Baba asema nazidisha, na mwalimu asema bado. Je, nitajuaje kipimo changu?"

Swali lake lilinigusa sana, kwa sababu mimi mwenyewe nililiuliza nikiwa nimekwisha chelewa. Nilipokuwa na umri wa miaka 19 nilikata shauri kuwa mkimbiaji. Sikuwa na mwalimu wala saa ya mkono. Nilikimbia kila alfajiri, siku 7 katika juma, na jioni baada ya kazi ya shamba nikakimbia tena, kwani nilidhani ya kwamba ikiwa kidogo chafaa, basi kingi kitafaa zaidi. Mwezi wa tatu muundi wa mguu wangu wa kushoto ukaanza kuuma, mahali padogo pasipozidi ncha ya kidole. Nikaona haya kusema. Nikajifunga kitambaa, nikaendelea. Mwishowe nikawa siwezi hata kukanyaga chini, na daktari akaniambia ya kuwa mfupa umeingia ufa. Mvua za mwezi wa Oktoba zilikuwa zimekwisha anza. Kwa muda wa wiki 8 nilikaa barazani, nikimtazama mama yangu akipanda maharage bila ya msaada wangu, na ndugu yangu mdogo akikosa shule siku nyingine ili apate kumsaidia. Hapo ndipo nilipofahamu ya kuwa mwili wangu haukuwa mali yangu peke yangu. Watu wengine walikuwa na fungu lao ndani yake.

Kwa hiyo makala haya nayaandika kwa ajili ya kijana yule, na kwa wazazi wenye watoto kama yeye.

MAZOEZI NI NEEMA

Kabla ya kusema juu ya kupita kiasi, yatupasa tukiri faida ya mazoezi, ili asije mvivu akayafanya maneno yetu kuwa mto wa kulalia.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza aitwaye Jerry Morris alitoa habari ya uchunguzi aliowafanyia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Katika kila basi walikuwamo watu wawili: dereva, ambaye hukaa kitako siku nzima, na kondakta, ambaye hupanda na kushuka ngazi kutwa akikata tikiti. Watu hawa walifanana kwa mambo mengi, lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wakaanza kuyapima mazoezi kama vile dawa ipimwavyo.

Tena mwaka 1966, katika mji wa Dallas huko Marekani, vijana 5 wenye afya njema, wa umri wa miaka 20, walikubali kulala kitandani wiki 3 mfululizo bila ya kuinuka. Walipopimwa, nguvu zao za kufanya kazi zilikuwa zimeanguka vibaya. Miaka 30 baadaye watu wale wale walipimwa tena, nao wakiwa na miaka 50. Ikaonekana ya kwamba zile wiki 3 za kulala ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Basi na azingatie mtu ambaye kila siku hutoka kitandani akaenda kitini, na kitini akarudi kitandani.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 lilitaja kiasi kinachofaa. Mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, au mazoezi makali dakika 75 hadi 150, na mara 2 au zaidi katika juma afanye mazoezi ya kutia nguvu misuli. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuchezesha mwili. Ukigawa hesabu hiyo utaona si mzigo mkubwa: dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku 5 katika juma, zatosha kumfikisha mtu mlangoni.

Ama mazoezi ya wastani na mazoezi makali, tofauti yake mtu aweza kuipima bila ya chombo chochote. Ikiwa unatembea na mwenzako, mwaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hiyo ni wastani. Ikiwa huwezi kutamka ila maneno machache kisha ukatweta, hayo ni makali.

HESABU KWANZA KAZI YAKO

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na hasa sisi tukaao nchi ya vilima. Mtu husoma mahali kwamba dakika kadhaa zafaa, akaziongeza juu ya kazi yake bila ya kuuliza mwili wake umekwisha fanya nini tangu asubuhi.

Ngara si nchi tambarare. Ziwa Viktoria lenyewe liko kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu vinasimama juu zaidi ya ziwa hilo. Nyumba na migomba viko juu, maji yako chini. Mtu atokaye nyumbani kwenda kisimani, kisha shambani, kisha sokoni, amekwisha panda na kushuka mara nyingi kabla ya sala ya adhuhuri. Kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kutoka vijijini kupeleka sokoni amefanya kazi ambayo mtu wa mjini angeilipia fedha ili aifanye ndani ya ukumbi wa mazoezi.

Basi tuwagawe watu wa nyumba moja. Baba ni mwenye duka, hukaa kitini tangu saa 1 asubuhi mpaka magharibi. Mama analima na kuteka maji. Kijana wa kiume anasoma sekondari na anapenda mbio. Binti anasoma, na akirudi husaidia kazi za nyumbani. Je, hawa wote wapewe dawa moja kwa kipimo kimoja? Hasha! Baba ndiye mwenye haja kubwa ya kutembea, naye mara nyingi ndiye asiyetembea. Mama hana haja ya kukimbia. Haja yake ni kupumzika, kunyoosha mgongo na kupata mtu wa kumpokea dumu.

Yafaa ijulikane pia ya kuwa kazi nzito ya kutwa si sawa katika kila jambo na mazoezi. Wataalamu wa Denmark wamelichunguza jambo hili miaka ya karibuni, wakaona ya kwamba mazoezi ya hiari hulinda moyo, lakini kazi ya kuinua mizigo saa nyingi kila siku haionyeshi faida ile ile, na pengine huonyesha madhara. Sababu wanazozitaja zafahamika kwa akili. Mwenye kufanya mazoezi huanza apendapo na huacha achokapo. Mchukuzi haachi mpaka mzigo umalizike, wala hapati siku ya kupumua. Kwa hiyo mume amwambiaye mkewe, "Wewe huhitaji msaada, kazi ni mazoezi," amesema neno asilolijua.

MWILI HUJENGWA WAKATI WA KUPUMZIKA

Wengi hudhani kwamba nguvu zaingia mwilini wakati wa kukimbia. Sivyo. Wakati wa kukimbia misuli huchanika kidogo kidogo, na akiba ya chakula iliyomo ndani yake hupungua. Mifupa nayo hupata mishtuko midogo. Baada ya hapo, mtu alapo na kulala, mwili hutengeneza palipoharibika, ukaongeza kidogo juu ya ilivyokuwa. Hayo maongezo madogo ndiyo nguvu.

Mfano wake ni ukuta wa udongo. Mjenzi huweka tabaka moja, akaliacha likauke, ndipo aweke la pili. Akiweka tabaka la pili na la tatu juu ya udongo mbichi, ukuta hautapanda upesi, utaanguka. Hapo si udongo ulio mbaya wala si mjenzi asiye hodari. Kilichokosekana ni muda wa kukauka.

Basi jibu la kwanza la swali letu ni hili: mazoezi yamezidi pale yanapokuja tena kabla mwili haujamaliza kutengeneza ya jana, na hali hiyo ikaendelea siku baada ya siku. Kwa hiyo hakuna namba moja ifaayo watu wote. Kilometa 10 kwa mmoja ni matembezi, na kwa mwingine ni balaa. Tena kwa mtu yule yule, kilometa 5 zilizo nyepesi wakati wa mavuno na shibe huwa nzito wakati wa palizi, au wakati wa mitihani na usingizi mchache, au wakati chakula kimepungua nyumbani.

DALILI ZA KUPITA KIASI

Mwili hausemi kwa maneno, lakini husema. Wataalamu wa michezo wamekusanya dalili ambazo kila mtu aweza kuziangalia nafsini mwake:

Ya kwanza, uchovu usiokwisha. Maumivu ya misuli baada ya zoezi jipya ni jambo la kawaida, na hukaa siku 1 hadi 3 kisha huondoka. Lakini mtu akiamka amechoka kila siku, juma zima, hiyo si kawaida.

Ya pili, nguvu kurudi nyuma. Anakimbia zaidi, na mwendo wake unapungua. Kijana mjinga huiona dalili hii akaongeza mazoezi; kijana mwerevu huyapunguza.

Ya tatu, usingizi kuharibika. Ni ajabu, lakini mtu aliyepita kiasi huchoka kutwa, na usiku hapati usingizi mzuri.

Ya nne, moyo kwenda mbio hali mtu amepumzika. Weka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono asubuhi kabla hujainuka kitandani, uhesabu mapigo kwa dakika 1. Fanya hivyo siku kadhaa ukijue kiasi chako cha kawaida. Siku utakapoona yamezidi kwa mapigo 10 hivi, na siku ya pili na ya tatu vivyo hivyo, pumzika.

Ya tano, tabia kubadilika. Hasira za bure, huzuni, kukosa hamu ya chakula, kukosa hamu hata ya ule mchezo alioupenda. Mara nyingi mama wa nyumba huiona dalili hii kabla ya mwenye nayo.

Ya sita, mafua na vidonda vidogo visivyopona upesi.

Ya saba, maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, hasa muundi au unyayo, yanayozidi kila ukikimbia na kuuma ukipabonyeza kwa kidole. Hii ndiyo iliyonipata mimi. Huenda ikawa ni ufa wa mfupa, na dawa yake ya kwanza ni kuacha mbio na kwenda kwa daktari. Kufunga kitambaa si dawa.

Dalili moja peke yake kwa siku moja si hukumu. Lakini zikikusanyika mbili au tatu, zikakaa wiki nzima, basi usitafute shahidi mwingine.

MAFUNZO YA WAKIMBIAJI WETU

Vijana wetu humpenda sana John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Mji ule uko juu sana, zaidi ya meta 2,200, na hewa yake ni nyepesi. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea. Walioanza walikuwa 75, na waliomaliza 57. Yeye alikuwa wa mwisho, kwa saa 3 dakika 25 na nukta 27, zaidi ya saa 1 baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Jina lake limebaki kuwa mfano wa uthabiti duniani kote.

Lakini baadhi ya vijana wametoa katika kisa hiki fundisho lisilo lake. Wasema: Akhwari alikimbia na maumivu, basi nami nikimbie na maumivu kila siku. Ndugu zangu, ile ilikuwa siku moja ya mashindano, na mtu akiiwakilisha nchi yake. Hayakuwa mazoezi ya Jumatatu. Tena mwaka 1970 Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni ya michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, akawa wa 5. Mtu hawezi kufika wa 5 miongoni mwa mashujaa kwa goti bovu. Kati ya siku ile ya Mexico na siku ile ya Edinburgh palikuwa na kupona. Watu hulisimulia goti lililofungwa bendeji, wakasahau kulisimulia goti lililopona.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Tarehe 8 Oktoba 2023, mjini Chicago, Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni kwa saa 2 na nukta 35, mwendo ambao hapana mtu aliyekuwa ameufikia kabla yake katika mashindano rasmi. Mwalimu wake alikuwa Gervais Hakizimana, mtu wa Rwanda, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera. Mwalimu huyo alieleza hadharani ya kwamba mwanafunzi wake alikuwa akikimbia kilometa 250 hadi 280 kwa juma, na majuma mengine zaidi ya 300, wala hapendi kupumzika. Mwalimu hakulisema jambo hili kwa majivuno tu. Alisema pia ya kwamba anamhofia, na kwamba alimwonya kuwa kwa mwendo huo mwili wake utavunjika baada ya miaka michache. Kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, wote wawili walifariki pamoja katika ajali ya gari huko Kenya tarehe 11 Februari 2024, na Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Kifo chao hakikuhusiana na mazoezi, wala hatusemi hivyo. Twasema hivi: hata mtu aliyekuwa na mwendo kuliko watu wote wa dunia, mwalimu wake aliona ya kuwa kuna mpaka, akamwambia. Je, kijana wa kilimani asiye na mwalimu, asiye na nyama na maziwa mezani, na mwenye jembe linalomngoja, yeye hana mpaka?

Na Eliud Kipchoge, aliyeishika rekodi hiyo kabla ya Kiptum, amejulikana kwa desturi ya kufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake kwa mwendo wa utulivu, bila ya kutumia nguvu zake zote, na kupumzika kabisa baada ya mashindano makubwa. Mbio zake kali ni chache, nazo huzipangia siku.

MAMBO YASIYONGOJA KESHO

Yapo mambo ambayo mtu akiyaona haruhusiwi kuyavumilia hata kidogo. Maumivu ya kifua, kuzimia au kizunguzungu katikati ya mbio, na moyo kupiga ovyo: acha papo hapo, uende hospitali. Mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya zoezi kali, pamoja na misuli kuvimba na kuuma sana: hiyo ni dalili kwamba misuli imeyeyuka na taka zake zaingia katika mafigo. Huo ni ugonjwa wa kukimbilia daktari siku ile ile.

Mwenye homa asifanye mazoezi. Katika nchi zetu homa huweza kuwa malaria, na kutoka jasho mbioni hakuifukuzi malaria. Vipimo na dawa ndivyo viifukuzavyo. Mwenye upungufu wa damu, ama kwa malaria ya mara kwa mara, ama kwa safura, ama mama aliyetoka kujifungua, aanze pole na kwa ushauri. Tena Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye watu wengi wenye selimundu. Mgonjwa wa selimundu aulize daktari wake kwanza. Na aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ingawa huonekana mzima, asijilazimishe ghafla kwa zoezi kali asilolizoea. Aongeze polepole, anywe maji, na aache mara aonapo misuli imelegea au inauma kupita desturi.

Juu ya mabinti kuna jambo ambalo wazazi huona haya kulitaja, nalo halina haya. Binti afanyaye mazoezi mengi na kula kidogo huweza kukosa hedhi miezi mfululizo. Wengine hufurahi wakaona ni wepesi. Si wepesi hata kidogo. Ni alama kwamba mwili hauna chakula cha kutosha, na mifupa yake inapungua uimara katika miaka ile ile ambayo ingepaswa kujijenga. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya hali hii, ikaeleza kuwa upungufu huo wa chakula huwapata wanaume pia. Basi mama amwulize binti yake kwa upole, na amwongezee chakula kabla ya kumwongezea maonyo.

Na watoto wadogo wa mchakamchaka? Hao kwa kawaida hawana hatari. Mtoto akiachwa huru hucheza, hukaa, hucheza tena. Kipimo chake Mola amekitia ndani yake. Hatari huja pale mtu mzima anapomlazimisha kukimbia kama adhabu, au juani bila ya maji, au akiwa na njaa baada ya kutembea mbali kwenda shule.

WALIOTANGULIA WALIAMBIWA NINI

Jambo hili la kupita kiasi katika jema si geni katika dini yetu. Imesimuliwa ya kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Alipouliza akaambiwa ni kamba ya Bibi Zaynab, akichoka katika sala huishika. Mtume akaamuru ifunguliwe, akafundisha kwamba mtu asali akiwa na uchangamfu, na akichoka akae. Ndugu msomaji, ikiwa katika sala, iliyo nguzo ya dini, kamba ile ilifunguliwa, sembuse katika mbio za kilimani?

Na kisa cha Abdullah bin Amri bin Al-Aas ni mashuhuri. Alikuwa kijana mwenye nguvu, akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume akamzuia, akamweleza kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Kijana akaomba azidishiwe, akasema anaweza. Alipokuwa mzee, nguvu zimepungua, alitamani laiti angaliipokea ile ruhusa nyepesi aliyopewa mwanzoni. Tazameni jinsi maneno ya kijana hayabadiliki: "Naweza zaidi ya hapo." Ndivyo nilivyosema mimi, na ndivyo asemavyo kijana yule wa msikitini.

Wala tusisahau upande wa pili. Mtume huyo huyo alishindana mbio na Bibi Aisha, mara ya kwanza bibi akamshinda, na baada ya muda yeye akamshinda bibi. Basi mchezo ni halali, na mbio ni nzuri, na mume na mke kuchangamka pamoja ni katika wema wa nyumba.

Katika mwezi wa Ramadhani kiasi nacho hubadilika. Mwenye kufunga afanye mazoezi mepesi karibu na kufuturu, au baada ya tarawehe, wala si mbio kali za mchana. Anywe maji kidogo kidogo kati ya futari na daku. Mwezi ule si wa kuongeza nguvu za miguu; yatosha kuzihifadhi.

KIPIMO CHA NYUMBANI

Sasa tumalize kwa mashauri yanayoweza kushikwa.

Akaaye kitako kutwa, kama mwenye duka, karani, dereva na mwanafunzi, atembee kwa haraka dakika 30 siku 5 za juma, na mara 2 ajitie nguvu kwa kuinama na kuinuka, au kubeba maji badala ya mkewe. Huyu hana haja ya kuogopa kuzidisha, aogope kutokuanza.

Alimaye au kubeba mizigo ahesabu kazi ile kuwa ni zoezi. Akipenda mbio, azifanye siku ambazo kazi ni nyepesi, na msimu wa kulima azipunguze bila ya kuona ameshindwa.

Anayetaka kushindana awe na siku 1 kamili ya mapumziko kila juma. Siku kali zisizidi 2 au 3, na kati yake ziwemo siku za mwendo wa kuzungumza. Walimu wengi wa riadha hushauri kutokuongeza zaidi ya sehemu moja katika kumi kwa juma, na kila baada ya wiki chache kupunguza juma zima. Mtu mzima alale saa 7 hadi 9, na kijana anayekua saa 8 hadi 10. Asiyeweza kupata usingizi huo asiongeze mbio, kwa sababu hana mahali pa kuzijengea.

Na mzazi, usimzuie mwanao kwa kelele. Mwulize maswali matatu tu: Umelalaje? Umekula nini? Wapi panauma? Mwanangu angeulizwa swali hilo la tatu kwa upole angejibu, kama ambavyo mimi ningejibu.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia kijana yule. Nilimwambia asiache mbio, ila aache kuzihesabu kilometa peke yake, na aanze kuhesabu pia usiku aliolala vizuri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema muundi wake wa kulia unamwuma tangu wiki 2 zilizopita, naye hakumwambia mtu. Asubuhi ile hakukimbia. Alishuka bondeni polepole pamoja na mama yake, na walipofika juu nililiona dumu mkononi mwa baba yake, aliyewafuata.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema, na hekima ya kuitunza, na atuepushe na uvivu na kupita kiasi vyote viwili. Amin.